Mwandikieni Kofia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wajumbe wa kamati, wanachama wote ambao marehemu mume wangu alinizoesha kuwaita shemeji, na ndugu wageni waalikwa, habari za jioni.

Mmeniita nifungue ukumbi huu mpya, mkaupa jina la utani la mume wangu, Kofia. Nimefurahi, na sitaki mtu aseme mjane alikuja amenuna. Lakini mmenipa kipaza sauti, na mimi ni mshonaji. Nikiona uzi unaning'inia siwezi kuuacha.

Wageni wengine hawajui mambo ya klabu hii. Hapa pombe haiuzwi. Kila mwanachama hutoa mchango sawa na mwenzake, kreti zinanunuliwa kwa pamoja, na anayechukua chupa huandikwa jina, ili mwisho wa mwezi alipie nyingine irudi stoo. Utaratibu huo aliuanzisha Kofia, seremala aliyetengeneza kaunta ya zamani, mtu ambaye bia yake moja ya Jumamosi ilikuwa ikipata moto mezani kabla hajaimaliza.

Alipofariki, mliona vibaya kulifuta jina lake. Nawaelewa, hata mimi viatu vyake sikuvitoa mlangoni upesi. Mkanywa chupa moja kwa heshima yake, mkaiandika kwake. Kuna ubaya gani? Lakini akaja mgeni asiye na mwenyeji, akaandikwa Kofia. Kamati ikachelewa kikaoni, koo zikakauka, akaandikwa Kofia. Jamani, mume wangu akiwa hai hakuwahi kuwa mkarimu kiasi hicho.

Kisha mkapata mweka hazina mpya, ambaye hakumjua Kofia, akamwandikia barua kila mwenye deni. Mwanangu, inua kichwa, wewe ulifanya kazi yako. Barua yangu, yenye jumla ya deni la Kofia bila tarehe, ililetwa nyumbani na mjumbe wa kamati. Yupo hapa, sitamtaja. Nilimuuliza, "Shemeji, Kofia alikunywa yote haya?" Angeweza kusema kweli. Akatazama dari, akaniambia, "Shemeji, sisi wanaume tuna mambo yetu. Lipa tu, yaishe."

Nililipa. Nilishona sare za shule mpaka vidole vikafa ganzi, na katika kila mshono nilikuwa nagombana na marehemu. Nikaitoa picha yake sebuleni. Binti yetu alipouliza, nilimwambia baba yako alikuwa na maisha mawili. Hivi mnajua uzito wa kumwambia mtoto neno kama hilo?

Ukweli niliusikia hapa hapa klabuni, kwenye harusi ya mpwa wangu. Meza ya nyuma yangu wanachama waliagiza raundi nyingine, mhudumu akauliza aandike nani, wakacheka wote. "Mwandikie Kofia." Kofia, ambaye alikuwa kaburini siku nyingi. Niliiweka sahani yangu chini ya kiti.

Kamati imeniomba radhi, na fedha zangu mmezirudisha zote. Nashukuru kwa dhati, sina kinyongo na klabu. Picha nimeirudisha ukutani. Nikamwita binti yangu, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho kwamba baba yake hakuwa mlevi. Alinisikiliza vizuri, akanishika mkono. Akasema, "Mama, huna haja ya kumtetea. Mimi nilishamsamehe."

Nimejaribu tena na tena. Kila nikieleza, anazidi kunihurumia. Mimi ni mke, na mke anaonekana anafunika aibu ya nyumba yake.

Leo nimekuja naye. Ni yule wa kiti cha mwisho, mwenye gauni la kijani. Mkasi ninao, utepe nauona, na ukumbi nitaufungua. Ila wewe shemeji uliyeniletea barua, inuka kwanza, uende ukamwambie kwa mdomo wako.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Nasubiri.