Jivu Juu ya Theluji ya Kapitolina

Sogeeni karibu, wanangu, Raisa na wewe Gennadi, na zimeni hiyo redio, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusemea jambo moja tu, na msinikatize hata mkisikia yasiyowapendeza.

Nyumba ni yenu wawili, hilo halina ubishi, na ng'ombe ni wa Raisa kwa kuwa ndiye anayemwamkia alfajiri. Lakini kile kipande cha mteremkoni kinachopigwa na jua mchana kutwa, ambacho wewe Gennadi umeshakipigia kamba ujenge bafu la mvuke, hakijawahi kuwa changu. Ni cha shangazi yenu Kapitolina. Usinikunjie uso, kaa chini.

Mlikuwa wadogo mwaka ule shamba la serikali lilipovunjwa na dukani kukabaki chumvi na viberiti. Mimi na wifi yangu Kapitolina tulikuwa na tuta moja la moto pale mteremkoni: tulichimba handaki, tukalijaza samadi mbichi ya farasi, tukaimwagia maji yanayochemka, tukafukia kwa udongo na kufunika kwa madirisha ya zamani, na mwezi wa Aprili, theluji ikiwa bado inafika magotini, chini ya vioo vile miche ya kabichi ya nyumba mbili ilikuwa imesimama. Samadi mbichi ina hasira, ukiifungia sana inaunguza mizizi, kwa hiyo mchana unafunua kidogo ipumue, na jua likishuka unafunika. Siku ile zamu ilikuwa yangu. Nilifunua, nikaenda kwa jirani Stepanida kunywa chai na kuwasengenya watu, nikasahau. Kulipokucha, baridi ilikuwa imeua miche yote.

Nikasema ni Kapitolina. Babu yenu alikuwa amesimama pale na koleo mkononi, anauliza nani, na mdomo ukanitangulia. Wakamnyang'anya kipande, nikapewa mimi. Kijiji kizima kikaacha kumwamini hata kwa mche wa kitunguu. Hakunitukana. Aliniangalia tu, akajenga uzio, na yale macho yake ninayo mpaka leo.

Sasa, kila Machi mmeona theluji ya upande wetu pale uzioni ikiyeyuka kabla ya nyingine, mkaniuliza, nikawaambia ni jua. Mwongo mkubwa mimi. Ni yeye anayerusha jivu na masizi ya jiko lake juu ya uzio, ili weusi ule uvute joto na udongo wetu uamke mapema, mpate kula ninyi, watoto wa kaka yake. Miaka thelathini. Nami sikumwambia hata ahsante, kwa sababu ningeanza na ahsante ningelazimika kumalizia na lile jingine, la tuta.

Raisa, wewe usipande kwa kalenda. Kunja mkono wa blauzi, zika kiwiko kitupu udongoni. Ukiweza kukiacha humo bila kuuma meno kwa baridi, panda. Ukishindwa, tandaza nailoni nyeusi, subiri.

Hebu chungulia dirishani, mwanangu. Pale uzioni kuna weusi? Nyeupe? Angalia vizuri. Yote nyeupe... Basi hana nguvu, au amenichoka, na ana haki. Moshi je, unatoka kwake? Mdogo. Haya. Yupo.

Gennadi, chukua ndoo. Komba jivu lote la jiko letu, ukalimwage upande wake, kuanzia mlangoni mpaka kwenye matuta, halafu ubishe hodi. Mwambie hivi: mama anasema ni yeye aliyeacha tuta wazi, si wewe. Sema kwa sauti, majirani wasikie. Ila usimwambie naumwa, asije akanisamehe kwa huruma.

Mungu awape afya, wanangu, awape... ardhi isiyowagomea, na mkae pamoja. Raisa, nishike hapa, kiwiko. Umeshika? Sisikii kitu. Gennadi bado kasimama? Nenda, baba. Nenda, jua linashuka.