Mwalimu Mbodze Kalama, Aliyenyimwa Cheti

Ndugu wa Rabai, majirani wa Bondeni na Kuze, nanyi wakubwa wa shule mliowahi viti vya mbele, mimi ni Chengo Kalama, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, nimeombwa niyasome kwa upole, nami nitajaribu.

Mbodze alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1929, mtoto wa tatu wa mzee Kalama Mwaringa na mama Mejumaa, akaingia shule ya misheni mwaka wa 1937, akatolewa mwaka wa 1944 akiwa darasa la sita, kwa sababu mama aliugua na alitakiwa mtu wa kupika, na mimi, niliyekuwa nikichapwa kila siku kwa kushindwa hesabu, ndiye niliyeachwa niendelee, kwa kuwa ni mwanamume. Hesabu nilikuja kuzielewa jikoni kwake, akipima unga.

Tarehe 27 Agosti 1949 alifunga ndoa na Jefwa, seremala, wakahamia Bondeni, wakajaliwa watoto watatu, Kadzo mwaka wa 1950, Kalama mwaka wa 1953 na Mbeyu mwaka wa 1957, wote wako hapa.

Januari 1955 aliajiriwa katika shule moja ya huko Bondeni, ambayo sitaitaja, inajijua, akaandikwa msaidizi, akapewa darasa la kwanza lenye watoto hamsini, bila mtu wa kumsaidia. Wenzake walikuwa wakiwaimbisha watoto jedwali la kuzidisha hadi wapoteze sauti, yeye akawatungia hadithi za Bi Mwanakuu wa Kuze, mwanamke ambaye hakuishiwa na wageni, na kila siku chakula kilikuwa kichache na wageni wengi, nao watoto ndio waliomtoa aibuni, wakapima mchele kwa mikono yao, vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi, kwa vipimo alivyoazimwa na jirani yetu Bimdogo, na kabla ya mwaka kwisha hesabu zilikuwa zimewakaa vichwani.

Tarehe 9 Juni 1964 alikuja mkaguzi, bwana mwenye soksi ndefu na elimu fupi, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa iamue kama dada yangu atapewa cheti na kuitwa mwalimu, baada ya miaka tisa ya kuifanya kazi hiyo. Mkaguzi akauliza, kumi na mbili kugawanya kwa tano ni ngapi, akasimama Mahfudha, mtoto wa miaka saba, akataka kwanza kujua ni kumi na mbili za nini, akaambiwa kwa hasira achague mwenyewe, akachagua mahamri na wageni watano, akajibu, "Kula mgeni mawili, yalosalia mawili ni ya alopika." Kila mama aliyeko hapa anajua kwamba jibu hilo ni sahihi, na kwamba mtoto amelelewa vizuri, lakini bwana yule aliandika kwamba mtoto amemwingiza mpishi ambaye hakuwamo katika swali, kwamba darasa limegeuzwa jiko, na kwamba Mbodze Kalama hafai. Bwana Mkuu wa shule, ambaye kila mwezi alisifiwa kwa matokeo ya darasa hilo, alitia sahihi chini yake. Asante ya punda ni mateke.

Dada yangu alilia siku moja, nilimwona, kisha akarudi darasani, akaendelea na hadithi zake huku ameandikwa msaidizi hadi mwisho, na katika miaka hiyo aliwafundisha kazi walimu watatu wenye vyeti.

Septemba 1967 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, akafariki Jumanne tarehe 13 Februari 1968, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, tunamshukuru Bimdogo na majirani wa Kuze waliotupikia siku zote hizi, Mungu awalipe, na tunawashukuru walimu wanne waliokuja, waliosalia wamezuiliwa na kazi, ingawa leo ni Jumamosi.

Jefwa ameuchonga msalaba kwa mkono wake na kuandika Mwalimu Mbodze Kalama, na leo asubuhi Bwana Mkuu alinivuta kando, akaniambia neno la kwanza lifutwe, maana marehemu hakuwa na cheti na ofisi huenda ikauliza. Ofisi na iulize. Naomba kila aliyefundishwa kuhesabu na marehemu asimame sasa, mkubwa kwa mdogo, pamoja na wale waliofundishwa Jumamosi uani kwetu, wakipitishiwa mlango wa nyuma ili baba zao wasiaibike. Bwana Mkuu, binti yako akisimama, usimshike mkono.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.