Kanuni Moja, Mahali Pamoja: Kwaheri Mzee Bethwel

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Mzee Bethwel Kiprugut anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika kitengo cha kompyuta cha ghala letu la mahindi hapa Eldoret. Anaondoka mapema kuliko alivyotaka. Macho yamemwangusha, na daktari amesema hayatarudi. Tumehuzunika, na hatutaficha.

Mzee ndiye aliyeunda mfumo ambao mkulima huingiza kipimo cha unyevu kwenye simu, aambiwe kama mahindi yake yatapokelewa. Mwanzoni kanuni ya unyevu iliandikwa mara mbili: ndani ya ukurasa wa mkulima, na tena ndani ya mfumo wa ghala. Msimu mmoja tukabadilisha ya ghala, tukasahau ya ukurasa. Simu ikawa inakubali, ghala linakataa. Mama Chebet alifika na trekta kutoka Moiben, akarudishwa langoni mvua ikinyesha. "Kwani nyinyi na simu yenu hamjuani?" alimuuliza Mzee.

Wiki hiyo hiyo aliiondoa kanuni kwenye kurasa zote, akaifungia mahali pamoja, ndani ya mfumo wa ghala. Ukurasa ukitaka jibu, uombe. Kazi yake ni kuonyesha tu. Aliyethubutu kuficha kanuni ndani ya ukurasa alitozwa faini: kuinunulia ofisi nzima mandazi. Marion, anayetutengenezea kurasa, alitulisha karibu mwaka mzima kabla ya kukoma. Tangu hapo tumebadilisha sura ya mfumo mara nyingi, na hakuna trekta iliyorudishwa kwa kosa letu.

Mwaka jana Mzee alianza kusogeza uso karibu na skrini. Baadaye akawa anatuuliza imeandikwa nini. Tulimsomea, kila mtu akijikaza.

Jumatatu Marion alimletea ukurasa mpya wa kusikilizwa, kwa wasioona. Kanuni ya Mzee hakuigusa hata mstari. Mzee alitaja kipimo, na simu ikajibu kwa sauti: "Mahindi yako yamekauka. Karibu ghalani." Akaomba irudie. Kisha akauliza ukurasa wenyewe una rangi gani. Marion akamweleza.

Asante, Mzee, kwa kazi na kwa ukali wako. Mungu akutunze wewe na mkeo, Mama Chepkoech, huko nyumbani Kapsoya. Tutakuja kukuona, nawe utatujua kwa sauti.