Faruku wa Makote Kaacha Lindo

Ukishuka stendi ya Newala ukafuata harufu ya kahawa, miguu yenyewe itakufikisha kwa Bi Pili, Mama Husseni. Ana jiko la mkaa, birika jeusi tumbo, ndoo ya kuoshea vikombe, na benchi lililopasuliwa kutoka mkorosho uliolazwa na upepo. Shingoni, chini ya mtandio, ananing'iniza ufunguo wa kisima chake cha maji ya mvua, maana huku juu maji hayachezewi. Kwenye pindo la khanga amefunga simu yenye kioo kilichopasuka. Ufunguo alipewa na mama mkwe. Simu aliachiwa na marehemu mumewe, na ndani ya simu aliachiwa sauti yake. Mzee alipolazwa Masasi, kila jioni alimtumia ujumbe kwenye Sogoa, ule mtandao wa kutumiana sauti. Na tangu azikwe, kila jioni Bi Pili akishazima jiko husikiliza mmoja, ndipo siku yake inakwisha.

Basi alasiri ile redio ikasema: Faruku, mwana wa Makote, bingwa wa ulinzi wa kompyuta, ameacha kazi kwenye kampuni kubwa ya Sogoa huko Dar. Sababu hakusema. Alisema tu anashukuru. Redio ikahamia kwenye mpira. Kijiwe hakikuhama.

— Mmesikia? alisema Bwanali, wanayemwita Satelaiti kwa kuwa habari humfikia kabla haijatokea. Mlinzi kakimbia ghala. Na mlinzi hakimbii ghala bure.

— Tofautisha kukimbia na kuacha, alidakia Vitalis. Huyu ndiye Hakimu. Aliwahi kufagia mahakama ya mwanzo, na tangu hapo kila neno lake ni hukumu.

— Hakimu wa ufagio, kunywa kahawa.

— Mtani wangu, siku ukifa nitalala kwenye kaburi lako mpaka ndugu zako wanibembeleze.

— Lala tu. Utanipasha joto.

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, maana Faruku si mtu wa mbali. Mwaka juzi alikaa benchi hilihili akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, akawafundisha kuficha namba ya siri. "Hata nikiuliza mimi, msinipe," aliwaambia. Vitalis akaitaja ya kwake palepale kwa sauti kubwa, apate kuambiwa kama ni nzuri.

— Mimi nawaambia, Bwanali akasogea mbele. Wakubwa wake walimwita wakamwambia, Faruku, funga mlango wa mbele, ila dirisha la nyuma liache wazi. Wanataka kuingia wenyewe usiku. Kijana kakataa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hapo inaingiaje?

— Inaingia dirishani!

— Pingamizi, akasema Vitalis. Huyo kachukuliwa. Mataifa makubwa yamekaa kikao, yakauliza nani anajua kufunga vitu duniani? Yakaambiwa yuko Mmakonde mmoja. Sasa hivi analinda mitambo ile inayozunguka huko juu. Ndiyo maana hasemi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, Hakimu?

— Cha siri.

Hapo Abdulatifu akaweka kikombe chini. Ndiye mdogo wao, fundi simu wa kibanda cha jirani, na jina lake la kijiweni ni Chaja. Akisema jambo la simu, hata Bwanali hunyamaza.

— Wazee wangu, mnazunguka mbuyu. Siku hizi kuna mashine inaiga sauti ya mtu. Ikikusikia kidogo tu, inaongea kama wewe, mpaka kikohozi. Sasa jiulizeni. Nani alimwona Faruku akiacha kazi?

Bwanali akapunguza sauti ya redio, Chaja akaendelea.

— Mashine ndiyo iliyopiga simu ofisini kwa sauti yake! Ikasema, naacha kazi, nashukuru. Wakubwa wakajibu haya. Mashine imejiondolea mlinzi yenyewe!

— Lahaula! Bwanali akashika kofia.

Bi Pili alikuwa anasuuza kikombe. Mkono ukasimama ndani ya ndoo.

— Abdu, mwanangu. Sauti za mzee zinakaa humu kwenye simu yangu?

— Hapana, mama. Zinakaa kwa kampuni. Humu unachungulia tu.

— Na kampuni sasa haina mlinzi.

— Ndiyo hivyo. Tena mashine ikizipata, siku moja utapigiwa simu. Utasikia, Mama Husseni, ni mimi, mpe huyo kijana ufunguo wa kisima. Utakataa?

Bi Pili akautoa mkono ndooni. Angekataaje? Mtu aliyeishi naye tangu nywele zao nyeusi, amwite jina lake kwa ile sauti ya kukwaruza, halafu yeye akatae?

— Futa, Mama Husseni, Bwanali akasema kwa upole. Bora marehemu apumzike kuliko wahuni wamvae.

— Mahakama inaunga mkono, akasema Vitalis. Watani hao wawili walikuwa wamekubaliana, hiyo peke yake ilitosha kutisha.

Bi Pili akafungua pindo la khanga. Akampa Chaja simu. Chaja akabonyeza hapa, akabonyeza pale.

— Inauliza, una uhakika? Ukisema ndiyo, zinafutika zote, hazirudi. Niseme ndiyo?

Bi Pili akaushika ufunguo shingoni. Mdomo ukafunguka.

— Shikamooni wazee.

Mwanamke mmoja alikuwa ameshuka kwenye bodaboda kutoka Kitangari, ana kikapu, anangoja gari la Masasi. Akajitaja, Salome. Wakaitikia marahaba, akapewa kikombe, na kwa kuwa kijiwe hakina siri akasimuliwa yote: dirisha, mitambo ya juu, mashine yenye kikohozi. Akanywa taratibu.

— Samahani, akasema. Huyo Faruku, yeye mwenyewe bado anatumia hiyo Sogoa?

Bwanali akatazama redio.

— Hilo hawakulisema.

— Swali halikuletwa kwa utaratibu, Vitalis akanong'ona.

Chaja akakohoa. Kidole bado kilikuwa juu ya kioo.

Bi Pili akamwona mama mkwe wake, Bi Fatu, kama amesimama pale mbele ya jiko. Siku alipohamia kwa bintiye kule Mkunya, aliwaita wakwe zake wote kisimani. Akafungua kufuli, akachota kikombe, akanywa mpaka mwisho wao wakimtazama, ndipo akautoa ufunguo. "Naondoka," alisema, "lakini mmeniona nakunywa. Angeondoka mtu bila kunywa, hapo mngeuliza. Mngeuliza, nasema. Msingemwaga maji kabla ya kuuliza."

— Lete simu, akasema Bi Pili.

— Lakini mama, ile mashine...

— Lete simu ya mume wangu, Abdu.

Akaletewa. Vitalis, ili kupitisha aibu, akanyoosha kikombe. Bi Pili akainamisha birika. Likatoa tone, likatoa masimbi ya kahawa, basi.

— Imekwisha. Na kesho msinitafute hapa. Kesho nakwenda Makote kwa mama yake Faruku. Kama mwanawe bado anamsalimia kwa njia hii ya Sogoa, mama yake atakuwa anajua.

Akamwagia jivu makaa. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele za watu: akakaa benchini katikati yao, akabonyeza. Kwanza kikohozi. Halafu ile sauti ya kukwaruza, kutoka kitanda cha Masasi:

— Mama Husseni. Mvua imekata huko? Kisima umefunga?

Bwanali akavua kofia.

— Nimefunga, baba, akasema Bi Pili, na mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo. Nimefunga.