Mke wa Fisi

OPERATA: Haloo, Nakuru? Usiweke chini. Una simu ya Garissa. Garissa, zungumza!

ARBIA: Haloo? Haloo? Nani huyo?

OGLE: Hapa duka la ngozi. Wewe nani?

ARBIA: Aboowe, kaka yangu, ni mimi. Arbia.

OGLE: Arbia! Dada yangu! Umetoka Bura lini? Iska warran, abaayo, reerka—

OPERATA: Kiswahili, tafadhali. Laini hii ni Kiswahili au Kiingereza. Nikisikia kingine nakata.

OGLE: Samahani, bwana. Arbia, salama?

ARBIA: Salama, alhamdulillahi. Niko posta. Kiswahili yangu ni ya kuuza maziwa, wewe vumilia tu.

OGLE: Binti yako Nimo hajambo? Na shemeji yangu Sugow?

ARBIA: Nimo yuko hapa, amenishika nguo. Sugow amekufa. Jumapili.

OGLE: Inna lillahi... Sugow? Alikuwa mgonjwa?

ARBIA: Hapana. Walimuua.

OGLE: Nani? Serika—

ARBIA: Watu wa kijiji! Jirani zetu. Walisema yeye ni qori ismaris.

OGLE: Sema tena, laini inakwaruza.

ARBIA: Qori ismaris! Mtu-fisi!

OGLE: Ile ya kututisha tulale? Jua likizama mtu anajisugua na kijiti, anageuka fisi, anakula watoto wa watu? Arbia, umeingiwa na nini? Sugow alikuwa anaogopa hata kuchinja kuku!

ARBIA: Usipige kelele, aboowe. Sikiliza. Unajua sasa sisi tunakaa ndani ya waya ya serikali, kijiji yote. Jioni filimbi ikilia hakuna mtu kutoka.

OGLE: Najua.

ARBIA: Na fisi wamekuwa wengi. Tangu wale ngamia walale pale kisimani, mia na zaidi, wasiamke tena... unajua nani aliwalaza.

OGLE: Najua. Endelea.

ARBIA: Fisi wamenenepa, hawaogopi mtu tena. Ijumaa, magharibi, wamemchukua Rahmo, mtoto wa Bare. Miaka minne. Alikuwa anafuata mbuzi karibu na waya. Bare alisikia analia, akakimbia. Alipata kiatu moja na mguu ndani.

OGLE: Ya Allah.

ARBIA: Kesho yake, filimbi imelia, askari wa waya akaona kitu inapita chini chini kwenye vichaka. Akapiga risasi. Akasema, nimepiga fisi, nimempata paja. Watu wote wamesikia. Asubuhi Sugow anatoka nyumbani anachechemea. Damu imejaa nguo.

OGLE: Paja?

ARBIA: Paja.

[Laini inavuma.]

OGLE: Alikuwa nje ya waya anafanya nini saa hizo?

ARBIA: Fisi hutembea nje, aboowe.

OGLE: Arbia! Nakuuliza kama mtu mzima—

OPERATA: Dakika tatu. Garissa, unaongeza?

ARBIA: Naongeza. Ongeza, bwana. — Ogle, niache nimalize, halafu uulize. Tulikuwa kisimani kuchota maji. Bare akaja na shoka ya kuni, na wanaume kama kumi, marungu, mawe. Sajini naye akaja na askari wawili. Akamuuliza Sugow, mguu yako imepigwa na nini? Wewe ulikuwa nje? Ulikwenda kwa nani?

OGLE: Angesema alichomwa na mwiba. Angesema chochote!

ARBIA: Risasi ilikuwa ndani bado. Sajini aliiona. Akasema, nitakupeleka kambini, huko utaimba majina yote mpaka ya babu yako. Unajua huko watu huimba. Hakuna mtu hajaimba.

OGLE: Najua.

ARBIA: Sugow akanitazama. Namna hii, kidogo tu. Akasema kwa sauti kubwa, kila mtu asikie: "Mimi ndiye yule fisi. Mimi nimemla Rahmo."

OGLE: Alisema mwenyewe?

ARBIA: Mwenyewe. Sajini akacheka mpaka akashika tumbo. Akaniuliza, mama, ni kweli bwana yako ni fisi? Aboowe, uko?

OGLE: Nipo. Ukamwambia nini?

ARBIA: Nilisema ndiyo. Nilisema, kila siku nakuta manyoya kwenye mkeka.

OGLE: Wewe? Arbia, wewe ulisema—

ARBIA: Kwa mdomo yangu! Sajini akasema, mambo ya fisi malizeni wenyewe, akawaita askari wake wakaenda zao. Hakuuliza tena nje kulikuwa na nani.

OGLE: Halafu Bare...

ARBIA: Kwanza walitafuta kijiti. Walimvua nguo yote mbele ya wanawake. Wakapata mswaki wake wa mti. Wakasema ndiyo hii. Wakausukuma kooni mpaka ukavunjika. Bare akampiga shoka hapa, begani. Sugow hakuanguka. Akampiga tena. Halafu marungu. Wale mama jirani zangu, wa kuazimana sukari, wakaokota mawe. Nilimfunika Nimo macho, lakini masikio... mikono ni miwili tu.

OGLE: Basi. Basi, abaayo.

ARBIA: Walipomaliza wakakaa chini, wakingoja ageuke fisi. Jua likapanda, nzi wakaja. Ni Sugow tu, na ndevu zake. Hakugeuka. Bare akatupa shoka akaanza kulia kama mwanamke aliyefiwa. Wengine wakasema mchana hawageuki, wakaondoka. Kaburini wamemkataa. Nilimwosha mimi na Nimo, tukachimba nyuma ya nyumba na sufuria.

OGLE: Nakuja. Napanda gari leo. Huyo Bare nitamkata—

ARBIA: Huji! Wallahi usije. Sijapiga simu kwa sababu ya Bare. Nimepiga kwa sababu ya ndama wako.

OGLE: Mtu amekufa, unaniambia ndama? Mimi sina ndama Bura!

ARBIA: Unaye. Yule mama yake alikufa mwaka wa njaa, ukaniachia mimi nimlee. Sasa ni dume kubwa. Mwaka jana alikimbia, akafuata kundi ya porini.

[Laini inakwaruza.]

OGLE: ...Huyo.

ARBIA: Huyo.

OGLE: Yuko hai?

ARBIA: Alirudi karibu na waya, mgonjwa. Alilala vichakani siku tisa, ubavu umeoza. Lakini kila jioni alipata maziwa.

OGLE: Nani alimpelekea?

ARBIA: Fisi, aboowe. Fisi alimpelekea.

OGLE: [sauti inakatika] Sugow... Ewe Mola wangu, Sugow.

ARBIA: Usilie kwenye simu. Dereva Bulle amempakia kwenye lori yake ya mbuzi. Nimengoja ivuke daraja ndiyo nikupigie. Kesho inafika kwako. Tafuta mtu wa dawa, mtu wa kunyamaza.

OGLE: Na wewe? Utarudi pale pale?

ARBIA: Nitakwenda wapi pengine? Nyumba wameichoma. Kisimani nachota wa mwisho, wakishaondoka wote.

OGLE: Waambie ukweli! Mwambie Bare hakuwa—

ARBIA: Nikiwaambia, sajini atauliza upya. Wacha awe fisi. Mimi ni mke wa fisi, nimezoea. Nimo atazoea.

OPERATA: Dakika moja.

OGLE: Arbia, dada yangu. Nitamwambia nini? Atakuja kuniuliza habari za Sugow. Nitamwambia nini mwanangu—

OPERATA: Nani? Nakuru, umesema mwanao? Si ilikuwa ndama?

ARBIA: Bwana operata. Sisi Wasomali tunapenda mifugo sana. Hata ndama tunamwita mwana.

[Laini inavuma.]

OPERATA: Muda umekwisha, mama.

ARBIA: Bwana, nakuomba, wewe pia una mama—

OPERATA: Nimesema muda umekwisha. Mchukue binti yako uende. Nakuru, weka simu chini. Weka chini, mzee, kabla hujasema lingine.