Aliyemlaza Jicho

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi lina mguu mmoja uliofungwa waya, na wazoefu wanajua pa kukaa. Asubuhi hiyo kinyozi mwenyewe, aliyejipa jina la Jicho kwa shabaha yake katika gemu la bunduki la kwenye simu, alikalia upande mbovu bila kuangalia. Jana alikuwa amepigwa risasi na kulazwa tena mle gemuni na mchezaji asiyemjua, anayejiita Asali. Kijiwe kikaamua: akilazwa na leo, jina la Jicho anavuliwa.

– Alikupiga noskopu, alisema Spika, fundi redio, akimimina kahawa. Kwenye darubini hakuchungulia kabisa. Risasi ilitoka kiunoni.

– Noskopu wapi? Ile ni kwikiskopu, alisema Profesa, mchomeleaji ambaye hajawahi kukubaliana na mtu. Darubini inafunguka kama kope, ukija kushtuka umeshalala.

– Hata kuhema sikuhema, alisema Jicho.

– Basi aliburuta, alisema Spika. Analenga ukuta, halafu anaivuta bunduki taratibu mpaka kichwani kwako.

– Taratibu gani, na mwenzako hakuhema? alisema Profesa. Yule si mtu, Spika. Ni mashine, wameilisha michezo yote ya Jicho.

– Michezo yangu wameitoa wapi?

– Unadhani betri yako inaisha bure?

Spika akashusha sauti.

– Mimi naona ni wanajeshi wastaafu. Kikosi kizima, wanapokezana zamu kwa ajili yako.

Jicho alijikuta ameketi wima. Kulazwa na kikosi kizima kulikuwa na heshima yake.

Mlango wa uani ukafunguka, akatoka mama mkwe wake, aliyekuja kwao kutibiwa goti. Masikioni alikuwa na vile visikilizio vyake. Kutwa nzima huinamia simu, na nyumbani wanajua anafuatilia mahubiri. Wote wakasimama.

– Shikamoo, mama.

– Marahaba, wanangu.

Akapokea kikombe, akapuliza, akamgeukia mkwewe.

– Baba, kuna jambo nimetaka kukuuliza siku nyingi, naona haya. Lile pipa jekundu pale getini, mbona hujifichi kwingine?

Hakuna aliyekuwa ametaja lile pipa la kwenye gemu, maficho ya Jicho ya kila siku. Spika alimtazama Profesa, na Profesa, kwa mara ya kwanza, akaitikia kwa kichwa.

Jicho akamkaribisha mama mkwe akae upande mzima wa benchi, ule usio na waya.