Mama Mathilde Aliyerudi Mashambani Kusahihisha Somo Lake

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Mathilde Ilunga anastaafu baada ya kukitumikia chama chetu cha wakulima wa mboga hapa Likasi kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Tulitaka kuandika thelathini na miwili, ipendeze. Alikataa.

Aliingia Oktoba 1993 kama mpiga chapa. Barua za wakulima zilimkosesha raha: mtu alilalamikia nyanya zake, jibu likamfikia baada ya miezi miwili, nyanya zimekwisha kuoza. Siku moja aliiacha mashine, akapanda baiskeli, akapeleka jibu mwenyewe hadi Shituru. Hakuirudia mashine tena. Mwaka 1998 akafanywa rasmi mshauri wa mashamba, na tangu hapo sakafu ya ofisi haijawahi kukosa matope ya viatu vyake.

Shituru bado wanacheka wakikumbuka kundi la nyuki lililotua kwenye usukani wa pikipiki ya chama. Watu walileta moto. Mama Mathilde aliwazuia, akarudi kwa miguu, na kwenye daftari la ofisi, penye sababu ya kuchelewa, akaandika neno moja: wageni.

Lakini kazi ambayo hatutaisahau ilianza Februari 2018, shambani kwa Bwana Adrien, njia ya Kambove. Maboga na matango yake yalikuwa yametoa maua mengi ajabu, ila vitunda vichanga viligeuka manjano na kuanguka. Adrien alitaka dawa kali zaidi. Mama Mathilde aliketi katikati ya mistari kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, akihesabu nyuki. Alihesabu wanne.

Alipomweleza kwamba ua la boga lisipotembelewa na nyuki halizai, Adrien alikasirika: “Mama, minye nalima maboga, silimi nyuki!”

Hakubishana. Kesho yake alirudi, na pamoja na Mama Orpha, mke wa Adrien, wakachuma maua dume na kuyapaka kwenye maua jike, mistari mitatu, hadi migongo ikauma. Baada ya majuma mawili mistari hiyo mitatu ilikuwa na maboga. Shamba lililobaki halikuwa na kitu, na msimu ule familia ile ilikula kwa shida.

Hilo lilimwumiza Mama Mathilde kuliko tulivyojua. Misitu ilikuwa imekatwa kwa ajili ya makaa, kweli, na warina asali walikuwa wakichoma mizinga ya porini. Lakini dawa ya kuua wadudu ilipulizwa asubuhi, saa ileile nyuki wanapokuwa mauani, na yeye alijua nani aliyewafundisha wakulima hivyo. Katika mkutano wa Machi alisimama mbele ya watu sitini na kusema: “Ni minye niliwafundisha kupuliza asubui. Nilikosea. Bukari ya mahindi itabakia, juu mahindi haingojee nyuki. Lakini mutaikula na nini?”

Kisha Adrien, aliyeketi nyuma, aliuliza: “Basi tupulize saa gani, Mama?”

Miaka miwili iliyofuata alipita shamba kwa shamba akisahihisha somo lake: pulizeni jioni tu, na maua yakiwa wazi msipulize kabisa, miti inayochanua kando ya shamba iacheni. Leo wanachama arobaini na mmoja wana mizinga. Asubuhi moja mwaka jana Adrien na Orpha walihesabu nyuki zaidi ya mia kwao, wakatupigia simu wakipokezana kupiga kelele. Upande wa Kakanda hali bado ni mbaya, na Mama Mathilde alitutaka tuliandike hilo pia.

Sasa anakwenda kuimba kwaya bila kuchelewa mazoezi, na kulala hadi saa mbili, jambo ambalo mumewe, Papa Didier, hajaliamini bado.

Mama Mathilde, asante kwa miguu yako, kwa ukali wako, na kwa kicheko chako kinachosikika hadi barabarani. Mungu akupe afya na siku ndefu zenye utulivu. Jumatatu wakulima watafika mlangoni na kukuulizia, na itabidi tuwajibu sisi wenyewe. Tutakwenda tukaone shamba kwanza.

Hervé, kwa niaba ya wenzako wote